Kuzindua na Kuuza Riwaya Uliyoichapisha Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi ya Kenya

Malalamiko ni yale yale. Ukumbi ulijaa, mheshimiwa alihutubia, soda ziliisha, picha zikapakiwa Facebook, na jioni maboksi ya riwaya yakarudi nyumbani kwa tuktuk yakiwa karibu mazito kama yalivyokuja. Mwandishi anawalaumu Wakenya kwa kutosoma. Mara nyingi Wakenya hawana hatia hapo.

Shida iko kwenye mpangilio wa kazi. Mwandishi huanza na ukumbi, kisha kadi, kisha fulana zenye picha ya jalada, na wanunuzi anawatafuta siku yenyewe. Uzinduzi hauuzi kitabu ambacho hakuna aliyekuwa akikingoja. Siku hiyo hutumika zaidi kukabidhi nakala zilizokwisha kulipiwa au kuahidiwa, pamoja na chache za ziada kwa wanaovutwa na wenzao. Ndiyo sababu hapa ukumbi unafika hatua ya sita.

Nimemwandikia mtu mwenye riwaya moja, akiba ndogo na kazi nyingine ya kumlisha. Jipe wiki 12 kutoka hatua ya kwanza hadi siku ya uzinduzi. Ukiwa na wiki nne, sogeza tarehe mbele.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muswada uliohaririwa na mtu mwingine, asiye ndugu yako.
- Nambari ya ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, na msimbopau wake (ile mistari inayosomwa na mashine dukani).
- Bei ya uchapaji kwa maandishi kutoka kwa wachapaji wasiopungua watatu.
- Nambari ya tili ya M-Pesa, au Pochi la Biashara, iliyo tofauti na laini yako ya kawaida.
- Daftari lenye mistari. Ukipenda jedwali la kompyuta ni sawa, lakini daftari haliishiwi chaji.
- Sura ya kwanza peke yake katika PDF.
- Picha safi ya jalada na picha yako moja iliyopigwa mchana, si selfi ya harusini.
- Watu watatu wa kukusaidia: wa fedha, wa kuendesha shughuli, na wa kupokea wageni.

Huyo wa fedha asiwe wewe. Sababu utaiona kwenye hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya nakala moja

Usiulize bei ya ukumbi kabla hujajua kila nakala inakuachia shilingi ngapi.

Tuchukue mfano. Riwaya yako ina maneno 60,000. Kwa ukubwa wa A5, ukurasa wa kawaida hubeba maneno 280 hadi 320, kwa hivyo kitabu kitakuwa na kurasa 200 hivi. Tuseme mchapaji amekupa bei ya Sh 380 kwa nakala, usafiri hadi mjini kwako ukiwa ndani, nawe umeamua kuuza kwa Sh 900. Hizi ni tarakimu za mfano tu, weka zako.

Ukiuza mwenyewe unabaki na Sh 520. Ukimpunguzia anayelipa mapema hadi Sh 800, unabaki na Sh 420. Duka la vitabu likikata asilimia 35, litakupa Sh 585, na hapo kinachobaki ni Sh 205.

Sasa ingiza sherehe. Uzinduzi wa Sh 60,000 unahitaji kuuza nakala 116 kwa bei kamili ili tu ulipe hema, chai na spika. Nakala ya 117 ndiyo ya kwanza kukupa faida yake yote. Uzinduzi wa Sh 20,000 unalipika kwa nakala 39. Ukikumbuka kwamba chai na sambusa za Sh 250 kwa watu 150 ni Sh 37,500, utaelewa pesa huenda wapi.

Kuhusu idadi ya kuchapa: kwenye ofseti, yaani uchapaji wa mashine kubwa kwa nakala nyingi, gharama kubwa ni kuandaa sahani za chapa. Zikishalipiwa, nakala za ziada ni karatasi, wino na kuunganisha, hivyo bei ya kila moja hushuka idadi ikipanda. Chapa ya dijitali haina sahani, kwa hiyo bei ya nakala haishuki sana hata ukiongeza idadi. Mchapaji atakuambia ukichukua 1,000 utaokoa pesa. Anasema kweli, ila yeye hatazilaza nyumbani kwake wakati wa masika zikinyonya unyevu. Kwa riwaya ya kwanza, nakala 100 hadi 200 za dijitali zinatosha. Ofseti iingie pale maagizo yaliyolipwa yanapoihitaji.

Mwombe kila mchapaji kitabu alichowahi kuunganisha. Kifungue kabisa katikati, uvute ukurasa mmoja kwa nguvu kiasi. Ukichomoka kutoka kwenye gundi, aga kwa heshima uende kwa mwingine. Uliza pia uzito wa karatasi kwa gramu: 70 au 80 kwa ndani, 250 hadi 300 kwa jalada, na jalada lipakwe laminesheni, ule utando mwembamba wa plastiki, maana kitabu kitasafiri kwenye mkoba wenye nyanya.

Umefaulu ukiona: unaweza kumwambia mke au mume wako, bila kufungua daftari, ni nakala ngapi zinazorudisha gharama yote.

## Hatua ya 2: Kamilisha kitabu chenyewe

ISBN hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Nambari za Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Ukitoa kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, kila kimoja kina nambari yake. Usikubali mchapaji akuwekee nambari ya kitabu kingine "ili tu jalada lionekane kamili". Duka likiingiza kwenye mfumo wake, kitatokea kitabu cha mtu mwingine.

Haki ya mwandishi unayo tangu ulipoandika. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hukupa ushahidi ukija kuibiwa. Sheria ya Vitabu na Magazeti nayo inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa msajili, na mchapishaji hapa ni wewe. Tenga nakala chache kwa shughuli hiyo kabla ya kuanza kugawa kwa mashemeji.

Kisha agiza nakala moja ya majaribio, iliyounganishwa kama kitabu. Hapa ndipo watu wengi huruka kwa haraka, na hapa ndipo riwaya za Kiswahili huumizwa zaidi. Programu ya kupanga kurasa ikiwa imewekwa kwa Kiingereza, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Utakuta "kit-abu" badala ya "ki-tabu". Mwambie mpangaji azime kabisa ukataji wa maneno. Pia angalia kama alama ya *ng'* ni moja kitabu kizima, au kwingine imenyooka na kwingine imepinda.

Mambo mengine ya kukagua kwenye nakala hiyo:

- Maandishi hayajazama kwenye mshono. Ukilazimika kukivunja kitabu mgongo ili usome, pambizo ya ndani ni nyembamba.
- Jina la kitabu limekaa katikati ya mgongo. Kurasa 200 za gramu 80 hutoa mgongo wa milimita 10 hivi. Aliyechora jalada kabla ya kujua idadi ya kurasa amekisia.
- Msimbopau unasomeka kwa simu.
- Rangi ya jalada. Karibu kila mara huwa nzito zaidi kuliko ulivyoiona kwenye skrini.

Mpe mtu mwingine nakala hiyo aisome kwa sauti, akiwa na kalamu nyekundu. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili ndiye bora, na usimlipe kwa shukrani tupu.

Onyo: usipokee pesa za mtu yeyote kabla hujaidhinisha nakala ya majaribio na kupewa tarehe ya kukabidhiwa kazi kwa maandishi. Mchapaji akichelewa, anayetafutwa na wanunuzi ni wewe.

## Hatua ya 3: Chagua tarehe kwa kuyajua mazingira

Mwandishi wa Nairobi hupanga uzinduzi Jumamosi bila kuwaza. Huku kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi. Ukiwa Siaya, Vihiga, Kakamega au Kisumu yenyewe, wageni wako watano muhimu wanaweza kupata msiba Jumatano na kuwa Ugenya au Lurambi Jumamosi, na hutakuwa na neno la kusema. Hata mgeni wa heshima atakuwa huko, hasa akiwa mwanasiasa.

Halafu kuna Wasabato, ambao Nyanza ni wengi. Sabato yao huanza Ijumaa jua likitua na kuisha Jumamosi jua likitua. Kwa hiyo Ijumaa jioni nayo inakupunguzia wasomaji, na wasomaji wa dhati wamo humo.

Zinazobaki ni mbili. Jumapili alasiri, saa nane hadi saa kumi, watu wakiwa wametoka kanisani na bado wamevaa vizuri. Au Alhamisi jioni katikati ya mji, kwa wafanyakazi wa ofisini na walimu wa karibu. Mimi napendelea Jumapili, lakini isisogee sana jioni: mvua za upande wa ziwa hupenda kushuka alasiri ikiisha, na mtu wa Kondele au Mamboleo akiona wingu limesimama hatatoka nyumbani kwa ajili ya riwaya.

Nakuru ni hadithi nyingine kidogo. Mji una watu wa kila pembe, na Jumamosi asubuhi huweza kufaa. Ukifikiria Naivasha, angalia kwanza kalenda ya Safari Rally, maana wiki hiyo vyumba na kumbi za huko hupanda bei na barabara haipitiki kwa raha.

Miezi ina tabia zake vilevile. Januari ni ya karo; usijaribu. Oktoba na Novemba walimu wako kwenye mitihani ya kitaifa, nao ndio wanunuzi wakuu wa riwaya za Kiswahili. Desemba wana wa nyumbani hurudi kutoka Nairobi na Mombasa wakiwa na pesa, lakini pia wana harusi, mahari na michango. Wiki mbili za kwanza za mwezi huo zinafaa kuliko za mwisho. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Shule, vyuo na redio hutafuta cha kufanya siku hiyo, na mwandishi wa riwaya mpya aliyejitokeza mwezi mmoja mapema ni jibu la shida yao.

Kwa miezi mingine, jaribu kuegemea mwisho wa mwezi, baada ya mishahara.

## Hatua ya 4: Uza kabla ya kuzindua

Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii.

Fungua daftari. Kurasa za kwanza chora safu tano: jina, simu, nilivyomjua, ameahidi, amelipa. Anza kuandika majina kwa makundi, usiandike yanayokujia tu. Mliosoma pamoja shule ya upili. Mliosoma chuo, iwe ni Maseno, Egerton au Masinde Muliro. Walimu waliokufundisha. Walimu unaowafahamu. Chama. Kanisa au msikiti. Wafanyakazi wenzako wa sasa na wa zamani. Wateja wako, kama una biashara. Watu wa kijijini kwenu walio mbali, ambao wakisikia jina la kijiji kwenye kitabu watakinunua kwa hamu tu ya kujiona.

Lenga majina 200. Wengi hukwama kwenye 60, wakasema hawajui watu. Fungua orodha ya simu yako uishuke pole pole kutoka A, utawakuta.

Sasa waandikie mmoja mmoja. Najua kuna njia ya kutuma kwa wengi kwa mkupuo kwenye WhatsApp, lakini orodha moja haizidi watu 256, ujumbe humfikia tu aliyeihifadhi nambari yako, na aliyeupokea hutambua mara moja kuwa si wake peke yake. Ujumbe uwe mfupi, uwe na jina lake, useme kitabu kinahusu nini, bei, na swali la kujibiwa ndiyo au la. Mfano:

> Shikamoo Mwalimu Mkuu. Ile riwaya niliyokuwa nikiiandika imekamilika. Ni kisa cha binti wa mvuvi wa Dunga anayerithi deni la mashua ya babake. Atakayelipa kabla ya tarehe 10 ataipata kwa Sh 800, baadaye ni Sh 900. Nitakuandikia jina ukurasa wa kwanza. Nikuwekee moja?

Akijibu ndiyo, mtumie nambari ya tili saa hiyo hiyo. Usingoje kesho. Kwa tili ya kununulia bidhaa mteja hakatwi ada ya kutuma, na jambo hilo dogo huondoa kisingizio kimoja. Akilipa, mjibu kwa jina na umtaje namba ya nakala yake: "Asante Mwalimu, wewe ni wa 14." Watu hupenda kuwa wa mapema.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki. Mara mbili inatosha. Mara ya tatu unakuwa mdai.

Kuhusu makundi ya WhatsApp: omba ruhusa kwa msimamizi kwanza, kisha weka jalada na mistari mitatu, basi. Anayevutiwa mhamishie faraghani. Na usichukue nambari za watu kwenye kundi la wafiwa au la kanisa ukaziingiza kwenye orodha ya matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mwenyewe, na hata bila sheria ni utovu wa adabu.

Umefaulu ukiona: wiki tatu kabla ya siku yenyewe, waliolipa wanafika theluthi moja ya nakala utakazochapa. Wakiwa chini ya 20 jumla, punguza ukumbi. Usiongeze matangazo ya redio ukidhani yatafidia.

## Hatua ya 5: Maneno, sauti na redio

Unahitaji sentensi moja ya kukitambulisha kitabu, na isiwe "riwaya inayoangazia masuala mbalimbali ya jamii." Hiyo inafaa kila kitabu kilichowahi kuandikwa. Taja mtu, mahali na shida aliyonayo. Sentensi ya binti wa mvuvi hapo juu ina vyote vitatu.

Kutokana na sentensi hiyo utatoa maneno ya jalada la nyuma, ujumbe wa WhatsApp, tangazo la kanisani na jibu lako kwa mtangazaji. Tumia maneno yale yale kila mahali hadi uyachoke. Wewe utachoka mapema. Msikilizaji ndiyo kwanza anayasikia.

Rekodi sauti yako ukisoma ukurasa mmoja, dakika moja na nusu hivi, mahali pasipo na jogoo. Sauti huweka mtu ndani ya hadithi kuliko picha ya jalada inavyoweza. Weka kwenye Status ya WhatsApp jioni, saa moja hadi saa tatu, watu wakiwa wamekaa.

Sura ya kwanza itoe bure, kitabu kizima usikitoe. PDF kamili uliyomtumia rafiki mmoja "akusaidie maoni" ikiingia kwenye kundi la Telegram la walimu, haitoki tena. Anayetaka kukisoma kwa ajili ya maoni mpe karatasi.

Redio za huku zinafikika kuliko watu wanavyodhani. Nam Lolwe na Mayienga kwa Dholuo, Mulembe kwa Kiluhya, West FM kwa upande wa Bungoma, na vipindi vya Kiswahili vya stesheni za kitaifa vinavyohusu lugha. Usimwandikie meneja. Sikiliza kipindi, jua jina la mtayarishaji au mtangazaji, mtumie ukurasa mmoja wenye: wewe ni nani, kitabu kinahusu nini, na maswali matano anayoweza kukuuliza. Ukimpa maswali unampunguzia kazi, na mtangazaji hatasahau wema huo.

Hewani sema jina la kitabu mara tatu na mahali pa kukipata. Nambari ya tili usiitaje. Hakuna anayeendesha matatu akaandika tarakimu. Kama kipindi ni cha lugha ya mama, zungumza hiyo lugha, lakini soma aya ya Kiswahili ili msikilizaji aonje ladha ya kitabu chenyewe.

## Hatua ya 6: Ukumbi na wageni

Chagua ukumbi kwa kuangalia daftari. Walioahidi kuja wakiwa 90, tafuta viti 80. Watu 80 kwenye viti 80, na kumi wamesimama nyuma, ni uzinduzi uliofana. Watu hao hao kwenye ukumbi wa 400 ni aibu.

Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zinastahili kuulizwa kwanza. Ada zikiwepo huwa nafuu, na mgeni akiona rafu za vitabu anajua amekuja kufanya nini. Ukumbi wa kanisa, ukumbi wa chuo, au kona ya mkahawa ulio na mlango wake pia hufaa. Nakuru kuna ukumbi wa Nakuru Players, uliojengwa kwa ajili ya maigizo, ambao unafaa zaidi kama utaigiza onyesho moja la riwaya. Ufukweni kama Dunga kuna mandhari, kweli, lakini upepo hula sauti na wageni huanza kuuliza samaki.

Uliza mambo matatu kabla ya kulipa amana: stima ikipotea kuna jenereta? Nani anazima muziki wa jirani? Je, ninaruhusiwa kuleta vinywaji vyangu?

Sasa suala la mgeni wa heshima. Desturi yetu ni kumwita mwanasiasa, kwa matumaini kwamba atanunua nakala 100 papo hapo. Anaweza kununua. Anaweza pia kuchelewa saa mbili, kuhutubia dakika arobaini kuhusu barabara, kutangaza kwa kipaza sauti kwamba ananunua nakala 200, kisha kuondoka na msafara wake. Ahadi ya jukwaani si malipo. Ukitaka kumwita, mtembelee ofisini wiki mbili kabla, mweleze bei ya nakala 50 za maktaba za shule za wadi yake, na ukubaliane na msaidizi wake malipo yawe yamefika kabla ya siku. Likishindikana hilo, mwalike kama mgeni wa kawaida.

Mgeni anayeuza vitabu kweli ni mwalimu mkuu anayeheshimika, au mhadhiri wa Kiswahili aliyekisoma kitabu chako hadi mwisho na anaweza kusema dakika kumi kuhusu alichokipenda na alichokipinga. Ndiyo, hata alichokipinga. Ubishi kidogo huuza.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Ratiba isizidi saa mbili. Hii hutosha:

- Saa 8:00 mchana. Milango wazi, meza ya vitabu imeanza kazi.
- Saa 8:30. Sala na makaribisho. Anza hata kama viti vya mbele ni vitupu.
- Saa 8:40. Mhakiki, dakika kumi.
- Saa 8:50. Mwandishi anasoma, dakika saba. Achia mahali pa kutia hamu.
- Saa 9:00. Mazungumzo na maswali.
- Saa 9:30. Kufungua kitabu rasmi, salamu za watu wawili tu.
- Saa 9:40 hadi 10:00. Kununua, kutia saini, chai.

Chai ikija mapema, watu hunywa wakaondoka. Iweke mwisho, na meza ya vitabu iwe kati ya chai na mlango wa kutokea.

Mezani wakae watu wawili: mmoja anapokea pesa na kuweka alama kwenye daftari, mwingine anakabidhi. Nambari ya tili iandikwe kubwa, isomeke kutoka mita tatu, na jina litakalotokea kwenye simu liwe chini yake ili mtu asitilie shaka. Kuwa na noti za mia na mia mbili za kurudisha chenji. Nakala zilizolipiwa mapema zifungwe kwa uzi na majina kwa mpangilio wa alfabeti, zikae boksi lake.

Wewe kaa meza nyingine, na kalamu mbili, tia saini tu. Mjomba akikujia akasema "nipe moja, nitakutumia jioni", hutaweza kumkatalia. Lakini mwenye meza ya fedha, ambaye si wa ukoo wenu, atamwambia kwa upole, "Mzee, tili ndiyo hii." Na mjomba atalipa, kwa kuwa hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajaribu tu.

Nakala za bure ziwe na orodha iliyoandikwa siku moja kabla: mhakiki, mhariri, maktaba, mzazi, basi. Asiye kwenye orodha hayupo.

Umefaulu ukiona: jioni hiyo hiyo pesa za tili, taslimu na nakala zilizobaki zinalingana na daftari. Zisipolingana, kaeni hapo hapo mtafute tofauti, kabla ya mtu yeyote kupanda boda boda.

## Hatua ya 8: Wiki sita zinazofuata

Kesho yake watumie picha waliohudhuria na uwaombe waliomaliza kusoma waandike mistari miwili kwenye kurasa zao. Waliolipa bila kufika, wapelekee. Ndani ya mji boda boda hutosha. Kwa wa mbali tumia vifurushi vya mabasi au kampuni za kusafirisha, na ada hiyo iseme waziwazi tangu mwanzo, usiimeze kimya kimya kwenye ile Sh 420.

Maduka ya vitabu mengi yatachukua riwaya yako kwa mali kauli, yaani watakulipa baada ya kuuza. Kubali, lakini acha nakala tano tu kwa duka, si hamsini. Pata karatasi iliyotiwa saini yenye idadi, asilimia ya duka, na tarehe ya kurudi kuhesabu. Rudi tarehe hiyo. Duka ambalo mwandishi wake hapiti husahau kitabu nyuma ya kamusi. Kwa Nairobi, Nuria ni duka linalojulikana kwa kubeba vitabu vya waandishi waliojichapishia, na huuza pia mtandaoni.

Shule ni soko zuri, ila usimdanganye mwalimu kwamba kitabu "kitaingia silabasi". Kitabu hakifundishwi rasmi darasani bila idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Unachoweza kuuza ni nakala za maktaba na za vyama vya Kiswahili. Omba dakika 40 za kuzungumza na wanafunzi kuhusu uandishi, bure, nawe umwombe mwalimu anunue nakala nne. Tembelea shule moja kwa wiki.

Septemba huwa na Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji. Kukodi kibanda peke yako kwa riwaya moja ni hasara. Ungana na waandishi wengine wa huku mgawane meza na nauli.

Kisha fanya mkutano mdogo mji wa pili. Kama ulizindua Kisumu, nenda Nakuru au Kakamega na watu 25, hakuna hema wala mgeni wa heshima. Kwa gharama ndogo, mikutano hii mara nyingi huuza kuliko uzinduzi wenyewe ukilinganisha na idadi ya waliofika, kwa sababu kila aliyekuja amekuja kwa kitabu.

Chapa tena nakala zikibaki chini ya 20 na bado kuna watu kwenye safu ya "ameahidi". Kabla ya kupeleka faili, rekebisha makosa ya chapa ambayo wasomaji wamekuonyesha. ISBN inabaki ile ile ukisahihisha herufi tu. Ukiongeza sura au kubadilisha mwisho wa hadithi, hilo ni toleo jipya na linahitaji nambari yake.